Maswali kwa Mama Kulwa

Walipoanza kumzomea, Tausi alijua kwamba ameushika ukumbi mzima mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mbao uliowekwa katikati ya jukwaa, begi begani, kanga imekazwa kiunoni kwa safari. Nyuma yake Felisiani, aliyeigiza mume, alikuwa amepiga magoti akilia machozi ya kweli. Akina mama wa safu ya mbele walisonya kwa pamoja. Mmoja wao, mfanyabiashara wa dagaa anayejulikana mtaa wote wa Mukendo kwa sauti yake, alisimama akamnyooshea kidole, akamwambia kwamba Mungu anamwona. Tausi aligeuza uso nusu, akamtazama mwanamume aliyepiga magoti, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akafungua mlango, akatoka.

Ukumbi ukachemka.

Mchezo huo uliandikwa na Mwalimu Faustine, ambaye tangu astaafu kufundisha Kiswahili alikuwa akikusanya mafundi na wachuuzi wa Musoma katika kikundi cha maigizo. Ulimhusu mke mmoja, Mama Kulwa, anayeamka asubuhi moja akaiacha nyumba yenye watoto na mume ambaye hampigi, halewi, wala hana mwanamke mwingine. Sababu haikutajwa popote. Mwalimu aliiacha makusudi. Mchezo ulipokwisha, waigizaji walikaa vitini jukwaani wakiwa bado ni wale wale wa mchezoni, na watazamaji wakaruhusiwa kuwauliza lolote. Hapakuwa na majibu yaliyoandikwa. Mama Kulwa alipaswa kujitetea mwenyewe mbele ya umma, na umma ukaamua kama alikuwa na haki ya kuondoka.

Tausi hakumtetea hata kidogo. Walipomwuliza alichoka na nini, alijibu kwamba alichoka tu. Walipomwuliza kuhusu watoto, alikunja mguu mmoja juu ya mwingine, akasema watoto wana baba yao. Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Mlangoni, wakati watu wanatoka, yule mama wa dagaa alimshika mkono akamwambia, kwa upole kabisa safari hii, kwamba hajawahi kumchukia mtu kwa raha namna ile. Tausi alirudi nyumbani akitembea kama mshindi.

Nje ya jukwaa alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kibanda chake cha mtaa wa Iringo kilikuwa hakikosi wateja. Alikata kitambaa bila kuchora, mkasi ukienda moja kwa moja kama unaofuata njia ya nyumbani, na maamuzi yake mengine aliyafanya vivyo hivyo. Mumewe, Abdulnasir, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba ndani ya nyumba yao kuna watu wanaofikiri na kuna Tausi, ambaye tayari ameshajua. Jambo mojawapo alilokuwa ameshajua tangu utotoni ni kwamba mwanamke anayeacha watoto hana la kusema. Mama yake mzazi, Robi, aliondoka Tausi akiwa darasa la tatu. Alirudi kwao Butiama, mwendo usiojaza hata nusu ya asubuhi kwa gari, na huko ndiko aliko hadi leo. Tausi alilelewa na baba yake, Mzee Alawi, muuza nyavu na kamba za uvuvi, pamoja na bibi mzaa baba, Mwanaupe, aliyekuwa na neno moja tu kuhusu mkwewe: kwamba mtu aliyetoka bila kuaga hana haki ya kurudi kusalimia. Robi aliwahi kuja mpaka kwenye geti la shule, amebeba karanga kwenye kitambaa. Tausi alimpita kama mtu anavyompita mgeni.

Kwa hiyo Mwalimu Faustine alipompa nafasi ya Mama Kulwa, hakusita. Alimjua mwanamke huyo vizuri mno.

Siku iliyofuata onyesho la Musoma, Mwalimu alikuja kibandani. Alikataa kiti. Alisimama akipapasa marobota ya kitambaa cha bluu, jambo alilokuwa akilifanya kila alipokuwa na neno gumu.

"Jana umewafurahisha watu," alisema hatimaye.

"Nashukuru, Mwalimu."

"Sikukusifu. Umewafurahisha kwa sababu hukuwaachia kazi ya kufanya. Walipofika walikuwa tayari wamemhukumu yule mama, nawe ukawatilia saini. Unamwigiza kama mtu uliyemkamata."

Tausi alisimamisha cherehani. Alimweleza kwa heshima, lakini bila kupunguza kitu, kwamba mtu akiacha watoto wake amekwisha kujikamata mwenyewe. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Alimwuliza swali moja tu: asubuhi ile kabla hajaufikia mlango, nini kilimwamsha Mama Kulwa? Tausi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuigiza, hakupata la kusema.

"Sina haja umpende," Mwalimu alisema. "Lakini kabla hatujaenda Bunda uniambie kwa nini anaondoka. Ukishindwa, nafasi hiyo nitampa mwingine."

Maneno hayo yalimchoma. Kikundi kizima kilijua kwamba yeye ndiye nguzo yake. Watu walikuwa wakija kumtazama yeye, na Felisiani pamoja na machozi yake alikuwa mapambo. Alishinda siku nzima akishona mishono mirefu isiyo yake. Jioni alimsimulia Abdulnasir, akitarajia amuunge mkono. Abdulnasir aliinua uso kutoka kwenye sahani ya ugali na sato, akasema kwamba anayeweza kulijibu swali la Mwalimu yuko Butiama. Na kama Butiama ni mbali, akaongeza, basi mwingine yuko pale pale Iringo, anakunywa uji wa ulezi kila asubuhi.

Tausi hakuwa amewahi kumwuliza baba yake. Ilikuwa kama mila ya nyumba ile: hapakuwa na aliyekataza, ila hapakuwa na aliyethubutu. Mzee Alawi alikuwa baba mwema. Ndiye aliyekuwa akimsuka nywele bibi alipougua, akizifunga mafundo makubwa kama ya kamba za mtumbwi, na Tausi alikwenda nazo shuleni huku wenzake wakimcheka, akiwa tayari kupigana na yeyote kwa ajili ya mafundo hayo. Kumwuliza habari za mama kungekuwa ni kumtonesha mtu ambaye hakustahili.

Asubuhi alimkuta uani kwake, ameketi juani, kifua kikimsumbua kidogo. Alimpa uji wake, akasubiri aumalize, kisha akauliza.

Mzee hakushtuka. Alikiweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuitwa na hatimaye kasikia jina lake.

Alisimulia kwamba mwaka ule Robi alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo, miguu bado haimbebi vizuri. Mtu kutoka Butiama akafika dukani na habari kwamba mama yake Robi amefariki. Alawi alitoa rambirambi yake, akamwahidi yule mtu kwamba atamleta mkewe mazikoni. Lakini alipofika nyumbani akamwona alivyokonda, amekaa kizingitini anachambua mchele, moyo ukamlegea. Bibi Mwanaupe naye akashauri aachwe kwanza apate nguvu. Siku ya mazishi ikapita. Baada ya hapo kila siku aliyotaka kumwambia ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia.

"Nilimwonea huruma," alisema mzee. "Wallahi ilikuwa huruma."

"Akaondoka kwa hilo tu?" Tausi aliuliza.

"Nami nilimwuliza hivyo hivyo. Kwa hilo tu?" Mzee aliitazama mikono yake. "Lakini kuna jingine. Alipopata nafuu alinunua kanga, akanipa nimtafutie mtu wa kuipeleka kwa mama yake. Niliichukua. Nikaificha dukani, chini ya nyavu. Aliponiuliza kama imefika, nikamwambia imefika, mama ameipenda sana, amekuombea dua."

Jirani alikuwa anatwanga, na Tausi alihesabu mapigo ya mchi bila kutaka.

"Alikuja kupewa pole sokoni na mama mmoja wa kwao," mzee aliendelea. "Hakunigombeza. Aliniambia jambo moja tu, na mpaka leo nalisikia. Aliniambia: sasa hata nikikuuliza ni saa ngapi, nitajuaje kama unaniambia kweli?"

Tausi alikiosha kikombe, akakiosha tena kilipokwisha kutakata. Akilini mwake maneno yalikuwa tayari: kwamba kuna wanawake wanaomeza makubwa kuliko hayo na wanabaki, kwamba kosa lilikuwa la baba na aliyelilipa alikuwa mtoto. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuwa na nia ya kuyaacha. Lakini kila alipoyapanga mstari, aliiona ile kanga chini ya nyavu, na mwanamke aliyesimama jikoni akifurahia dua ya marehemu. Akatambua kwamba hajui yeye mwenyewe angefanya nini. Kwa mtu kama yeye, kutojua kulikuwa kama kuvaa viatu vya mtu mwingine.

Alimwambia Mwalimu Faustine kwamba sababu ameipata, ila haki bado. Mwalimu alisema sababu inatosha.

Bunda waliigiza kwenye uwanja wa shule moja pale Manyamanyama. Ulikuwa msimu wa pamba. Watu walikuja kutoka mashambani, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye mikono ya sweta zao, na wengine walikaa juu ya baiskeli zao nyuma kabisa. Tausi alipofika mlangoni hakucheka. Hakuwa amekusudia kuacha kicheko kile, kilikataa chenyewe. Alisimama, akamtazama Felisiani, na alichokiona hakikuwa mwanamume wa kudharauliwa. Alimwona mtu mwema asiyejua alichokosa. Alitoka bila neno. Nyuma yake palikuwa na ukimya wa watu wasiojua washike upande gani.

Kwenye maswali mkulima mmoja alisimama akamwuliza alichoka na nini.

"Nilichoka kuonewa huruma bila kuulizwa," Tausi alijibu.

Hapo ndipo uwanja uliposhika moto. Mkulima yule alisema kwamba kama kila mke angeondoka kwa kuonewa huruma, Bunda ingebaki na wanaume watupu. Watu wakacheka. Mwanamke mmoja, aliyekuwa amekaa chini akimnyonyesha mtoto, alijibu bila kuinua sauti kwamba wangekuwa wanaume waliojifunza kuuliza. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe, wakawasahau waigizaji. Mzee mmoja alihama upande katikati ya sentensi yake mwenyewe. Mwalimu Faustine alikuwa amekaa pembeni, mikono kifuani, akitabasamu kama mtu aliyeona mvua shambani kwake. Felisiani hakutabasamu. Njiani kurudi alilalamika mpaka Musoma kwamba Tausi amemharibia kazi, kwamba leo alilia vizuri kuliko siku zote na hakuna aliyemhurumia.

Usiku ule, usingizi ulipokuwa unamjia, Abdulnasir alimwuliza mkewe, kwa sauti ya mzaha isiyokuwa na mzaha mwingi, kama naye akimficha jambo ataachwa.

"Usijaribu," Tausi alimwambia.

Onyesho la mwisho lilikuwa Butiama. Tausi alilijua tangu ratiba ilipotoka, na tangu hapo alikuwa amejiambia kwamba Butiama ni pana na watu ni wengi. Kile ambacho hakukijua ni kwamba gari la matangazo lilikuwa limezunguka vijijini tangu juzi yake, likitaja kwa kipaza sauti majina ya waigizaji mmoja mmoja, na la kwake likiwa la kwanza: Tausi Alawi kutoka Musoma.

Jukwaa lilijengwa kwenye uwanja ulio chini ya mawe makubwa, yale mawe ya Butiama yaliyopandana kama yamepangwa na mtu mwenye subira. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Watoto walikuwa wameyakwea mawe, wanawake wamekaa kwenye kanga zao, wazee wameletewa viti. Mchezo ulikuwa umefika katikati Tausi alipomwona mwanamke aliyekaa peke yake juu ya jiwe la pembeni, mguu mmoja ameukunja chini ya mwingine. Hakumtambua kwa uso. Alimtambua kwa mguu. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa hivyo hivyo kwenye cherehani tangu alipoanza kushona, na Abdulnasir hakuchoka kumwuliza amejifunza wapi kukaa kama kuku aliyelowa.

Alikosea mstari mmoja. Felisiani akaziba pengo. Alipofika mlangoni, hakujua atafanya nini. Kicheko hakikuwapo. Na ule ukimya wa Bunda, ambao alikuwa ameufanyia mazoezi, haukutosha. Aliweka mkono kwenye komeo, akauacha hapo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko jukwaa linavyoweza kuvumilia. Mtoto mmoja juu ya mawe aliuliza kama mama yule amesahau. Tausi alifungua mlango, akatoka, na huko nyuma ya pazia la turubai alijikuta anahema kama aliyebeba gunia.

Maswali yalianza na mahari. Mzee mmoja alitaka kujua kutoka kwa Baba Kulwa kama ng'ombe walirudishwa. Felisiani, ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo Musoma wala Bunda, alisema hakuwataka ng'ombe, alimtaka mke. Wazee walinong'ona. Mwingine alisema mke aliyeondoka bila ng'ombe kurudi bado ni mke, kwa hiyo hakuna kesi hapo. Watu wakacheka, na Tausi, aliyekuwa amekaa kitini katika kanga ya Mama Kulwa, alianza kuamini kwamba jioni itapita salama.

Ndipo yule mwanamke wa kwenye jiwe aliponyoosha mkono, akasimama. Mwalimu Faustine alimpelekea kipaza sauti. Alikikataa kwa kichwa.

"Nasikika," alisema. Na kweli alisikika. "Mimi namwuliza huyo mama. Asubuhi ile unatoka, mtoto wako alikuwa amelala?"

Ndani ya mchezo Mama Kulwa alikuwa na watoto mapacha. Hakuna aliyekumbuka hilo wakati ule.

Tausi aliitazama mikono yake. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata Abdulnasir. Asubuhi ile alikuwa macho. Alikuwa amelala mkekani, shuka limemfunika mpaka shingoni, na alimsikia mama yake akiingia. Alisikia goti lake likialika alipoinama. Alihisi shuka likivutwa kumfunika bega, kisha mkono ukakaa juu ya bega lile, ukakaa, ukakaa. Yeye alifumba macho kwa nguvu. Alidhani mama anakwenda sokoni kama siku zote, na kwamba akifumbua macho tu ataambiwa aamke akaoshe vyombo. Miaka yote tangu hapo, chini kabisa ya hasira yake, chini ya maneno ya bibi na mafundo ya nywele, palikuwa na msichana aliyefumba macho, akijiuliza ingekuwaje kama angeyafumbua.

"Alikuwa macho," alisema.

Mwanamke yule hakusogea.

"Alijifanya amelala," Tausi aliendelea, na sauti yake haikuwa tena ya Mama Kulwa, wala hakujitahidi kuirudisha. "Alifikiri mama yake anakwenda sokoni. Aliogopa kuamshwa akaoshe vyombo."

Watoto wachache walicheka, wakanyamaza walipoona wakubwa hawacheki.

"Na huyo mama," Robi aliuliza taratibu, "alijua kwamba mtoto yuko macho?"

"Hilo mimi siwezi kulijua. Niambie wewe."

Uwanja mzima uligeuza shingo kumtazama. Robi alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Hakujua," alisema. "Angejua, miguu ingekataa."

Akakaa. Mwalimu Faustine, mtu ambaye hakuwahi kuacha mkutano umalizike bila hotuba, alisimama, akaangalia jukwaani, akaangalia kwenye jiwe, kisha akawashukuru watu wote kwa kuja na kuwatakia safari njema ya majumbani.

Wenzake walipokuwa wanapakia mbao na turubai, Tausi alimwambia Mwalimu kwamba hatarudi nao, atapanda gari kesho. Mwalimu hakuuliza. Felisiani ndiye aliyemsogelea, uso bado una alama za machozi ya kazi, akamwambia kwamba leo hata yeye amemsamehe. Tausi hakumwelewa vizuri kama alimaanisha Mama Kulwa au yeye, na hakutaka kujua.

Robi alikuwa anamsubiri ukingoni mwa uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa vizuri."

Waliongozana kwenye njia inayopita kati ya mihogo. Robi alitangulia, akitembea kwa haraka ya mtu asiyepoteza mchana, na Tausi alimfuata akishangaa kwamba anaweza. Alionyeshwa ng'ombe kwa majina yao. Alionyeshwa ghala, kisima kilichochimbwa mwaka jana, nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo Robi aliisimamia mwenyewe tangu msingi, fundi akijaribu kumpunja kipimo naye akimrudisha. Hapakuwa na kitu cha kuhurumia pale. Tausi alijua kwamba alikuwa amekuja akitarajia kukiona, hata kama hakujiambia.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mawe, limefagiliwa. Robi alisema huyo ndiye bibi yake Tausi, mzaa mama, aliyezikwa mchana wa jua kali kama la leo, walivyomsimulia.

"Baba ameniambia ya kanga," Tausi alisema.

Robi alimgeukia. "Amekwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi naye amechoka kuibeba."

Walikaa kwenye benchi la ukuta. Robi alileta viazi vitamu na maziwa ya mgando, akaweka katikati yao, akaanza kumenya kiazi kimoja kwa vidole bila kukila. Tausi aliona kwamba kama hatauliza sasa, atarudi Musoma na swali lile lile alilokuja nalo, na litamkalia kooni kila atakapoinua mkasi.

"Ulikuwa na haki?"

Robi alimaliza kumenya kiazi, akakiweka upande wa binti yake.

"Ya kumwacha baba yako, ndiyo. Sijajuta hata siku moja, na sitakudanganya ili nionekane mwema. Ningebaki pale ningekuwa mtu wa kuambiwaambiwa mpaka kufa." Akachukua kiazi kingine. "Ya kukuacha wewe, nimeitafuta. Nilijiambia mtoto ni wa kwao, ndivyo desturi. Nilijiambia nyumba ya kaka yangu haina nafasi, na kweli haikuwa nayo. Nilijiambia nitarudi kumchukua. Yote nimeyapima, Tausi. Haki hiyo sijaiona."

Tausi alikuwa amejiandaa kwa udhuru. Majibu ya udhuru alikuwa nayo mengi, makali, yaliyonolewa kwa miaka. Alikichukua kiazi kilichomenywa, akakila, na akaona kwamba ana njaa sana.

"Ile siku ya getini nilikuona," alisema. "Nilikupita makusudi."

"Najua. Nilikuwaga nakuja hata siku zingine, nasimama kule ng'ambo kwenye duka. Nilikuwaga nataka tu kuona umerefuka kiasi gani."

Jua lilikuwa limeyagusa mawe, yakawa na rangi ya mkate. Ng'ombe mmoja aliita, na Robi akamjibu kwa jina bila kugeuka. Walizungumza mambo madogo: wajukuu wanasoma darasa gani, sare za mwaka huu zina rangi gani, kama Abdulnasir ni mtu wa kuuliza au wa kuamua. Tausi alisema ni wa kuuliza, na anayeamua ni yeye. Robi alicheka kwa pua, kicheko kifupi ambacho Tausi alikifahamu vizuri. Ndicho alichomcheka nacho Felisiani kule Musoma.

Simu ikaita. Alikuwa baba yake. Aliuliza kama mchezo umekwenda vizuri, akauliza kama amekula, akakohoa. Tausi alisikia redio ya jirani.

"Umemwona?" mzee aliuliza hatimaye.

"Nimemwona. Nipo kwake. Yupo hapa."

Mzee akasema kwamba kama haitakuwa taabu, na kama mwenyewe ataridhia, kuna jambo angependa kumwambia kwa kinywa chake.

Tausi aliinyoosha simu juu ya sahani ya viazi. Hakusema ni nani, na Robi hakuuliza. Aliitazama simu ile muda, kama anavyomtazama fundi aliyemtajia kipimo. Kisha akashika pindo la kanga yake, akaanza kufuta mikono, kidole kwa kidole, bila haraka yoyote, huku sauti ya mzee, ndogo na yenye kikohozi, ikiita "Haloo" kutoka kiganjani mwa Tausi, inanyamaza kidogo, inaita tena.